HOTUBA YA KAMATI YA TAWI KUHUSU UAMUZI WA MAHAKAMA NA MCHUJO WA WADI YETU

Haya ndiyo tuliyoyasoma kwenye mkutano wa Jumapili. Tunayatuma kwa kila mwanachama kwa sababu ukumbi ulijaa, na waliosimama nje walisikia nusunusu. Ukiisambaza, sambaza nzima.

Mnajua kilichotokea. Mahakama Kuu imekubaliana na Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa kwamba mchujo wa wadi yetu urudiwe. Cheti cha mgombea wetu kimefutwa. Tumeumia na hatufichi. Tulipanga foleni juani tangu asubuhi, tukahesabu kura hadi usiku kwa mwanga wa simu.

Lakini tangu Ijumaa jioni kuna mambo yanazunguka kwenye makundi yetu. Picha ya jaji. Kabila lake. Nambari ya simu inayodaiwa kuwa yake. Na ujumbe kwamba alipewa kitu kidogo. Tulimuuliza aliyeuandika ana ushahidi gani, akajibu kwamba "kila mtu anajua". Kuna pia wanaotaka twende kwa matatu mbili tukapige kelele nje ya korti. Kamati imekataa, na tunataka muelewe kwa nini.

Tuanze na 2007. Kura ya urais ilipobishaniwa, upinzani ulikataa kwenda mahakamani. Ulisema majaji ni wa serikali, na Wakenya wengi waliona hivyo hivyo. Siku zile mzaha wa mjini ulikuwa: ya nini kumlipa wakili na jaji mwenyewe ananunulika? Basi mzozo ukahamia barabarani. Watu zaidi ya 1,100 walikufa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Wengine wenu mliishi kwenye hema, hatuna haja ya kuwasimulia.

Katiba ya 2010 iliandikwa na kidonda hicho kikiwa bado kibichi. Kifungu cha 160 kinasema mahakama haipokei amri ya mtu wala ofisi yoyote, inafuata Katiba na sheria peke yake. Wanaotaka ujaji wanahojiwa na Tume ya Huduma za Mahakama. Jaji Mkuu wa kwanza chini ya mpango huo, Willy Mutunga, alihojiwa mchana kweupe, nchi ikitazama kwenye runinga.

Halafu ikaja 1 Septemba 2017. Majaji wanne dhidi ya wawili wa Mahakama ya Juu walifuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani. IEBC ilikuwa imeagizwa kuwafungulia wahusika seva zake na haikutimiza agizo hilo ipasavyo. Vyama vya Kenya huvunjwa na kuundwa upya kila uchaguzi, kwa hiyo katika tawi hili hili tunao waliocheza siku ile na tunao waliolia. Rais aliwaita majaji wakora, hadharani, na akasema mahakama ina tatizo litakalorekebishwa.

Yaliyofuata ndiyo tunayotaka myatafakari. Tarehe 24 Oktoba, dereva wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi na kujeruhiwa. Kesho yake kulikuwa na ombi la kuahirisha uchaguzi wa marudio, na sheria inataka majaji wasiopungua watano. Wakafika wawili. Jaji Mkuu Maraga akatangaza kwamba kesi haiwezi kusikizwa, na uchaguzi ukafanyika siku iliyofuata. Hatusemi neno "wakora" lilifyatua risasi ile. Tunasema kiongozi akishawaita majaji wahalifu, hajui tena nani amemsikia na ameelewa nini.

Ikaendelea. Mwaka 2018 korti iliamuru vituo vya televisheni vilivyozimwa virudishwe hewani, na serikali ikajivuta kutii. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majaji 41, Rais akakataa kuwateua hata baada ya Mahakama Kuu kumwagiza. Juni 2021 aliwateua 34. Mmoja alikuwa ameshafariki, na sita waliachwa nje hadi Rais mwingine alipowaapisha Septemba 2022. Hesabu inaonekana ya wakubwa huko Nairobi. Lakini mama mwenye kesi ya shamba, anayeambiwa kila mara arudi mwezi wa nne, ndiye aliyeilipia.

Na yule Rais mwingine naye? Januari 2024, kesi ya ushuru wa nyumba ilipomwendea vibaya, akawashutumu majaji kwa ufisadi, mawakili wakaandamana. Ugonjwa huu hauchagui chama. Unatushika wiki tunayoshindwa.

Kuna aliyesimama Jumapili akauliza: kwani majaji ni malaika? Si malaika. Rushwa ipo, na faili hupotea hadi mtu "aitafute". Lakini kumbukeni 2003, majaji 23 waliposimamishwa baada ya ripoti ya Ringera na majina yao yakaanikwa magazetini. Jaji Philip Waki alikuwa mmoja wao. Jopo lilichunguza likamwondolea lawama, naye ndiye baadaye aliyeongoza tume ya kuchunguza mauaji ya 2007 na 2008. Kama uvumi ungekuwa ndio hukumu, tungempoteza.

Mwenye ushahidi kwamba jaji alihongwa aulete kwa katibu. Kifungu cha 168 kinamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi kwa Tume, kwa maandishi, akieleza mambo yalivyotokea. Tutamsaidia kuandika. Kutopenda uamuzi si ushahidi.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi. Aliyepeleka kesi hii ni mwanachama wetu. Kadi yake ni halali na alipitia kamati ya mizozo ya chama kwanza, kama sheria inavyotaka. Asirushiwe matusi, na watoto wake wasisumbuliwe shuleni. Kesho ni wewe utakayenyimwa cheti na makao makuu, na utataka pa kwenda.

Kwa hiyo: picha na nambari ya simu zifutwe leo. Atakayezirudisha ataondolewa kwenye kundi, awe nani. Wakili wetu anawasilisha notisi ya rufaa wiki hii. Hatujui itaishaje. Wakati huohuo tunajiandaa kwa mchujo wa marudio, na maajenti wote wafike Jumamosi saa nne asubuhi na daftari zao za hesabu. Uamuzi wenyewe una kurasa 31. Nakala iko kwa katibu, na kufikia Jumapili ni wanachama watatu tu waliokuwa wameiomba.

Kamati ya Tawi