Sufu Isiyowasha Mwili

Leo tutazungumza juu ya sufu, yaani manyoya ya kondoo, na hasa ile sufu nyembamba inayofaa kufumwa nguo za kuvaliwa mwilini.

Siku moja nilimtembelea mzee mmoja huko Kinangop, nikamkuta amekasirika. Alikuwa amepeleka magunia matatu ya sufu kwa mnunuzi, akalipwa bei ya sufu ya mazulia. Akaniambia, "Mwalimu, kondoo wangu ni Corriedale safi. Huyu mtu ameniibia." Nikamwomba tufungue gunia lililobaki nyumbani. Tulipolimwaga juu ya turubai, tukaona sufu nzuri ya mabega imechanganyika na sufu ya tumbo, vibonge vya mavi, miiba, sufu ya kondoo weusi, na nyuzi za gunia la plastiki. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya basi, nionyeshe."

Nami nitawaonyesha ninyi kama nilivyomwonyesha yeye.

Kwanza, kwa nini sweta nyingine inawasha? Wengi husema sufu ndivyo ilivyo. Sivyo. Kinachowasha ni unene wa unyuzi. Unyuzi wa sufu hupimwa kwa mikroni, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unyuzi ukizidi mikroni 30 hivi, ncha yake haipindi inapogusa ngozi. Inachoma kama majani makavu. Unyuzi mwembamba hupinda, nawe husikii kitu. Tena si lazima nyuzi zote ziwe nene. Zikiwa tano hivi tu katika kila mia, mtoto atajikuna shingo na kuivua hiyo sweta.

Sasa angalieni kondoo wenu. Sufu ya Merino huwa kati ya mikroni 17 na 24 hivi. Corriedale, aliyepatikana kule New Zealand kwa kuchanganya Merino na Lincoln, ana mikroni 25 hadi 31 hivi. Romney Marsh hupita hapo, na sufu yake inafaa zaidi mazulia na vitambaa vizito. Kwa hiyo mwenye Corriedale yuko mpakani. Akichagua vizuri ana sufu ya sweta. Akizembea ana sufu ya zulia.

Hata bila mashine unaweza kukagua. Panua manyoya begani. Ukiona mawimbi madogo yaliyokaribiana, hiyo kwa kawaida ni sufu nyembamba. Mawimbi hayo ndiyo hushika hewa na kuleta joto. Na sufu hunywa unyevu kufikia karibu theluthi ya uzito wake kabla hujasikia umelowa. Ndiyo maana inamfaa mtu anayetoka kukamua alfajiri kukiwa na ukungu, kisha akatoka jasho shambani.

Pili, lishe. Mtu atasema, "Kondoo mwenye njaa si hutoa sufu nyembamba?" Ni kweli, lakini ni wembamba wa ugonjwa. Wakati wa njaa, minyoo au homa, unyuzi hudhoofika mahali pamoja, na kiwandani hukatikia hapo hapo. Shika kishungi kidogo kwa mikono miwili, ukivute kwa nguvu. Kikikatika katikati, kumbuka ni mwezi gani kondoo wako alipata shida. Wekeni majani makavu ya akiba, chumvi ya madini, na dawa ya minyoo kwa wakati wake.

Tatu, dume. Dorper ni kondoo mzuri wa nyama, sina ugomvi naye. Lakini ukimpandisha kwa kondoo wa sufu, watoto huota nywele ngumu zisizoshika rangi vizuri. Kama wataka nyama, fuga kwa nyama, ila usichanganye manyoya yao na sufu yako.

Nne, siku ya kunyoa. Chagua majira ya kiangazi. Usinyoe kondoo aliyelowa, maana sufu itaoza guniani. Mlaze bila chakula usiku uliotangulia. Tandika turubai safi. Anza na weupe, weusi wawe wa mwisho. Pitisha mkasi karibu na ngozi mara moja tu. Ukirudia, utapata vipande vifupi visivyofaa kusokotwa. Kisha tenga: sufu ya mabega na mbavu gunia lake, ya tumbo na miguu gunia lake, nyeusi gunia lake. Yenye mavi iondoe kabisa. Usitumie magunia ya plastiki wala kamba ya katani, kwa sababu nyuzi zake zikiingia hazitoki. Na usiku ule walaze kondoo mahali pasipo mvua wala upepo, wasije wakafa kwa baridi.

Akina mama mnaosokota na kufuma, neno moja kwenu. Nguo ya sufu ifueni kwa maji ya vuguvugu, bila kuisugua. Maji ya moto na kusugua hufanya nyuzi zishikamane, na sweta ya baba ikawa ya mtoto. Ianikeni imelala, kivulini.

Yule mzee aliponyoa tena alitenga magunia matatu. Gunia la mabega lilipata bei nzuri zaidi. La tumbo lilibaki bei ya mazulia, na hakulalamika. Sisemi sufu itawatajirisha. Nyuzi za viwandani zitokanazo na mafuta ya petroli zimeteka soko, nanyi mnalijua hilo. Lakini ukienda kwa mnunuzi na magunia yaliyotengwa, una la kumwonyesha, na akikupunja utajua kwamba amekupunja.