Haki ya Mwenye Ulemavu Si Hisani ya Mkubwa

(Hotuba iliyotolewa mjini Nanyuki mbele ya waumini na watetezi wa mageuzi)



Bunge lilipofuta kifungu cha 2A cha katiba ya zamani, Desemba 1991, utawala wa chama kimoja ulikoma kisheria. Tabia zake hazikukoma. Mojawapo ni kumfanya mwananchi apige magoti kuomba kilicho chake. Leo tuitazame tabia hiyo mahali inapouma zaidi: katika nyumba ya mtu mwenye ulemavu mkubwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inaiagiza Serikali kumpa hifadhi ya jamii kila asiyeweza kujikimu. Kifungu cha 54 kinaamuru mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, na asiitwe kwa lugha ya kumdhalilisha. Hizo ni amri kwa kila mtumishi wa umma, awe chifu au waziri.

Tutenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. La kwanza ni usajili. Mwombaji hupimwa na madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa, kisha Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu humsajili na kumpa kadi. Kadi hiyo hufungua njia ya kuomba vifaa vya kumsaidia na, kwa mwenye mshahara, msamaha wa kodi ya mapato. Lakini kadi peke yake haileti fedha za kila mwezi.

La pili ni fedha zenyewe, ambazo hulipwa chini ya mpango wa Inua Jamii. Malipo kwa wenye ulemavu mkubwa yalianza mwaka 2011, na kiwango kilichowekwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi, zipokelewazo na mlezi. Mlengwa ni yule anayehitaji kuhudumiwa wakati wote, katika kaya maskini isiyo na mshahara wala pensheni. Majina hukusanywa vijijini, kupitia machifu na kamati za wenyeji. Hadi mwaka 2018 kaya zilizolipwa zilikuwa kama 47,000 nchini kote, ilhali sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 900,000 wenye ulemavu. Si wote wenye ulemavu mkubwa, lakini penye kichache mgawaji hugeuka mfalme.

Mtasema shilingi 2,000 hazitoshi. Ni kweli. Hata hivyo, anayefundishwa kumshukuru mkubwa kwa fedha hizo ataambiwa siku ya uchaguzi ampigie kura nani. Haki ikigeuzwa hisani, kura nayo hugeuka malipo. Hapo vyama vingi vyatufaa nini?

Basi mwombaji aombe kwa maandishi. Aweke nakala, na aandike tarehe na jina la ofisa aliyepokea. Akikataliwa, asiridhike na jibu la mdomo: kifungu cha 47 kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinamruhusu kudai habari zilizo mikononi mwa Serikali, vikiwemo vigezo vilivyotumika. Asipojibiwa, apeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Chama, kabila na dhehebu si vigezo, na anayedai kitu kidogo anatenda jinai.

Lakini sheria haitembei yenyewe. Wakristo mnakumbuka habari za yule mgonjwa wa miaka 38, katika Injili ya Yohana, mlango wa 5. Birika lilikuwa karibu naye. Alichokosa ni mtu wa kumfikisha majini. Mama wa Doldol anayembeba kijana wake mgongoni hadi barabarani, akitafuta nauli ya kumfikisha kwa daktari, amekosa kitu kile kile.

Nawaomba kila parokia na kila kanisa liteue watu wawili. Kazi yao iwe kuorodhesha nyumba zenye wahitaji, kusaidia kujaza fomu, kufuatana na mwombaji hadi ofisini na kurudi naye tena anapoambiwa aje kesho. Kanisa lililothubutu kukemea utawala hadharani mwaka 1990, wengi waliponyamaza, halishindwi kuandika barua moja ya kudai sababu.

Tusiondoke hapa na makofi tu. Tuondoke na majina ya hao wawili.