Mishumaa ya Nyumbani: Kasoro Zake na Dawa Zake

Ninyi mliokusanyika Kinondoni, na ninyi wa Temeke, fungueni madaftari yenu. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya matano: NTA, UTAMBI, KALIBU, MOSHI, JOTO. Yasomeni pamoja kwa sauti. Vema.

Leo tutazungumza juu ya mishumaa. Mwaka 2006, na tena mwaka 2011, mvua zilikuwa chache, maji yakapungua katika bwawa la Mtera, na umeme ukawa wa mgawo. Nyakati kama hizo mtu mwenye sufuria mbili na jiko la mkaa anaweza kujipatia riziki kwa kutengeneza mishumaa. Lakini mnunuzi akiuziwa mshumaa unaotoa moshi, hatarudi. Kwa hiyo ni lazima tujue kasoro na sababu zake.

Kwanza tuelewe jinsi mshumaa unavyowaka. Mtaalamu wa Uingereza, Michael Faraday, aliwafundisha vijana wa London mambo mengi ya sayansi kwa kutumia mshumaa tu, mwaka 1848 na tena mwaka 1860. Moto huyeyusha nta. Nta iliyoyeyuka hupanda katika utambi, kama mafuta yanavyopanda katika kibatari. Ikifika juu hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Basi, utambi ni mchotaji. Ukichota nta nyingi mno, moto hauwezi kuimaliza, na moshi hutoka. Ukichota kidogo mno, moto hudhoofika na kuzama katika nta. Shikeni jambo hili, maana kasoro nyingi zinatoka hapo.

Sasa tutazame kasoro moja moja.

1. Mshumaa unatoa moshi mweusi. Utambi ni mnene au ni mrefu mno. Kata utambi ubaki kama nusu sentimita. Kama moshi haukomi, punguza nyuzi unaposuka tambi nyingine. Tumia uzi wa pamba. Uzi wa nailoni haufai, kwani huyeyuka badala ya kuchota nta.

2. Moto ni mdogo, kisha unazimika. Utambi ni mwembamba mno, au nta ina uchafu unaoziba utambi. Ongeza nyuzi. Nta ikiwa na taka, iyeyushe na uichuje kwa kitambaa safi.

3. Mshumaa unatatarika na kurusha cheche. Maji yameingia. Maji hayawaki, yakipata joto huwa mvuke na kuruka kwa kishindo. Anika utambi mpaka ukauke, kisha uchovye katika nta ya moto, unyooshe, uuache ugande. Hapo ndipo uutie katika kalibu.

4. Mshumaa una shimo juu, au una uwazi ndani. Nta ikipoa hunywea. Pembeni huganda kwanza, katikati mwishoni, na hapo katikati ndipo shimo linapotokea. Usimimine mara moja ukaondoka. Ngoja juu pagande kidogo, toboa kando ya utambi kwa kijiti, kisha ongeza nta ya moto.

5. Mshumaa hautoki katika kalibu. Usiugonge wala usiuvute kwa nguvu. Huenda haujapoa. Kalibu ikisimama katika maji ya baridi, nta itanywea na kuachia. Lakini usiiweke humo nta ikiwa bado ya moto sana, kwani ikipozwa kwa haraka mno mshumaa hupasuka. Safari nyingine, paka kalibu mafuta kidogo kabla ya kumimina.

6. Mshumaa unachuruzika upande mmoja. Utambi haukukaa katikati. Uvute ukaze, uufunge kwenye kijiti kilicholala juu ya kalibu. Pia usiwashe mshumaa palipo na upepo.

7. Mshumaa unapinda kwa joto. Kasoro hii tunaijua sana hapa pwani, hasa mwezi wa Januari na Februari. Changanya sehemu 9 za nta ya parafini na sehemu 1 ya stearini. Mshumaa utakuwa mgumu zaidi. Nta ya nyuki nayo ni nzuri, kwani huyeyuka penye joto la nyuzi 62 hadi 64 hivi. Laza mishumaa ndani ya boksi, kivulini. Usiiache juani mezani sokoni.

Ndugu zangu, sasa nisikilizeni kwa makini zaidi. Kasoro hizo zote huharibu mshumaa. Hii ninayoitaja sasa huunguza nyumba. Usiyeyushe nta katika sufuria iliyo moja kwa moja juu ya moto. Weka sufuria kubwa yenye maji jikoni, na sufuria ndogo yenye nta ndani yake. Maji yakichemka hayapiti nyuzi 100, na nta haitapata joto la kuweza kushika moto. Usiache maji yakauke. Nta ikishika moto, usiimwagie maji kamwe! Maji yatageuka mvuke ghafla na kurusha nta inayowaka. Funika kwa mfuniko, uondoe moto chini. Watoto wakae mbali. Na mshumaa uliowashwa usiuweke karibu na chandarua au pazia, wala usilale ukiuacha unawaka.

Sasa hesabu kidogo. Tuseme kilo 1 ya nta inatoa mishumaa 20 ya gramu 50. Tuseme gharama zote ni shilingi 8,000. Kila mshumaa umekugharimu shilingi ngapi? Gawanya 8,000 kwa 20: ni shilingi 400. Minne ikiharibika, mizuri inabaki 16, na kila mmoja umekugharimu shilingi 500. Usiiuze ile minne. Iyeyushe tena, maana nta haikupotea. Kilichopotea ni mkaa na muda wako.

Kwa hiyo kabla ya kuuza, washa mshumaa mmoja wa kila chungu. Utazame mpaka uishe. Andika katika daftari idadi ya nyuzi za utambi, na dakika ulizowaka. Hapo utaona faida ya kujua kuandika: kosa la leo halitarudi kesho.

Kazi ya darasa:

1. Kwa nini mshumaa hutoa moshi?
2. Kwa nini tunamimina nta mara mbili?
3. Nta ikishika moto utafanya nini?
4. Mishumaa 5 ikiharibika kati ya 25 iliyogharimu shilingi 10,000, kila mzuri umegharimu shilingi ngapi?

Jibuni kwa sentensi kamili.