Khabari ni Amana
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa visiwani wakaao Temeke na Kinondoni, Dar es Salaam)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya jambo ambalo wengi wangependa lisahauliwe, nalo ni khabari za maradhi ya korona. Sisi si matabibu wala si waandishi wa magazeti. Tumetoka chuoni tukaingia dukani. Lakini dukani mna mizani, na mwenye mizani ana haki ya kusema juu ya vipimo.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020. Mwanzoni mwa Mei hesabu ya taifa ilifika wagonjwa 509 na waliokufa 21, kisha ikasimama hapo kwa zaidi ya mwaka mzima. Tarehe 3 Mei, Rais Magufuli alisema akiwa Chato kwamba vipimo vya papai na vya mbuzi vilipelekwa maabara kwa majina ya watu, na vikaonekana vina maradhi. Siku ya pili yake mkuu wa maabara ya taifa alisimamishwa kazi. Dakta Nkengasong, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Umoja wa Afrika cha kuzuia maradhi, alijibu kwamba vipimo vile ni vizima.

Ndugu zetu, kukagua mizani si kosa. Mkaguzi wa vipimo hutujia madukani, nasi humpokea. Mizani ikionekana mbovu hutengenezwa, hupigwa muhuri, na biashara huendelea. Lakini hatujapata kumsikia mkaguzi aliyekuta mizani mbovu akaamrisha watu wauziane kwa kukisia. Basi khasa hivyo ndivyo tulivyofanyiwa: mizani ilitiliwa shaka, na hesabu ikazimwa.

Haikutosha. Julai 2020 zilitoka kanuni za kukataza kutangaza mitandaoni khabari za maradhi ya kuambukiza bila ya idhini ya wenye mamlaka. Mwezi huo huo Kwanza Online TV ilifungiwa miezi 11 kwa kutangaza tahadhari iliyotolewa na ubalozi wa Marekani.

Je, watu waliacha kutaka khabari? Hata kidogo! Walizitafuta barazani, kwenye daladala na mbele ya meza zetu za duka, waliponunua malimau na tangawizi. Huyu alisema wanaozikwa usiku ni mamia. Yule alisema hakuna hata mmoja. Hapakuwa na wa kumsadikisha huyu wala wa kumkosoa yule. Mlango wa khabari ukifungwa, uvumi hupita dirishani.

Wahenga wamesema, mficha ugonjwa kilio humfichua. Mwaka 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza hadharani kwamba Mwenyekiti wake, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameshikwa na korona. Tarehe 17 Februari alifariki Muhimbili, Mungu amrehemu. Tangazo lile halikumvunjia heshima yake. Liliwaambia wengine: jihadharini.

Tazameni sasa mavuno yake. Tarehe 27 Januari, 2021, Rais alikuwa amewaonya watu wasizikimbilie chanjo. Tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu, akaizindua kazi ya kuchanja. Hapa hapa Kinondoni, aliyekuwa Mbunge wa Kawe, Askofu Gwajima, aliwahimiza wafuasi wake waikatae. Serikali ikashangaa kuona watu wanasita! Lakini aliyefundishwa mwaka mzima kwamba mtaalamu ni mwongo, atamsadiki vipi mtaalamu yule yule kwa amri ya siku moja?

Hatusemi kila mtaalamu asadikiwe kama mtume. Kuuliza ni haki, na mataifa makubwa yaliyojilimbikizia chanjo yalitupa sababu ya kuuliza. Lakini muulizaji wa kweli hungoja jawabu. Asiyelitaka jawabu humfunga mdomo mjibuji.

Nasi wa upinzani neno hili linatuhusu. Suratul Hujurat inatufunza kuichunguza khabari kabla ya kuitenda, isije ikawadhuru watu nasi tukajuta. Haikusema khabari ya serikali peke yake. Mwanachama anayevumisha idadi ya maiti asiyoijua, kwa kuwa inaiumiza serikali, naye anapunja mizani.

Kwa hivyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, tudai hesabu za maradhi zitangazwe daima, ziwe nzuri au mbaya. Pili, tudai sheria isimtishe daktari wala mwandishi anayesema alichokiona. Tatu, karatasi yetu hii isichape khabari ya ugonjwa ila kwa kutaja imetoka kwa nani na lini.

Khabari ni amana, na amana hurejeshwa kwa wenyewe, nao ni wananchi.

Wabillahi tawfiq.