Gari la Kifahari, Shokapu za Mtumba

Msikilizaji, ukiuziwa Mercedes-Benz S-Class la mwaka 1999 kwa bei ya kutupa, uliza kwanza limebebwa na nini. Gari hilo halikai juu ya springi za chuma bali mifuko ya mpira iliyojaa upepo, na mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Ukilikuta asubuhi limelala upande mmoja, ujue upepo unavuja.

Fundi atakupeleka Gerezani, jijini Dar es Salaam, kutafuta shokapu za mtumba zenye mifuko hiyo. Usibabaishwe na iliyofutwa ikang'aa. Chunguza mpira pale unapojikunja: ukiona nyufa ndogo kama za kisigino kikavu, mrudishie mwenyewe. Linganisha namba ya spea, maana za mbele za gari linalovuta magurudumu yote manne ni tofauti. Ikishafungwa, paka maji ya sabuni. Yakitoa mapovu, bado inavuja. Ukipuuza, kompresa itahangaika kujaza upepo mpaka iungue, na hapo unafuu wote wa mtumba umekwisha.

Na tafadhali, mafundi na wenye magari, msiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa upepo pekee. Wekeni stendi.