Antena ya Gari na Elimu Tuliyoipata Hapa



Nimeombwa niseme machache juu ya manufaa ya elimu tuliyoipata hapa. Sitasema juu ya vyeo. Nitasema juu ya antena ya gari, ile isimamayo juu ya paa.

Mwaka jana redio ya gari langu ilianza kukwaruza. Fundi mmoja akanishauri ninunue redio mpya. Kabla ya kutoa fedha, niliamua kuutafuta ubovu mwenyewe kwa fizikia ya darasani.

Mawimbi ya redio husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde. Stesheni ya FM ya megahezi 100 hutoa mawimbi milioni 100 kwa sekunde. Gawanyeni, mtapata wimbi lenye urefu wa meta 3. Robo yake, sentimeta 75, ndio urefu unaoifaa fimbo ya antena. Lakini fimbo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati la paa lenyewe. Shina la antena lisipogusa bati sawasawa, hata fimbo mpya haitafaa kitu.

Nilianza na lililo rahisi. Nilichomoa plagi ya antena nyuma ya redio, nikachomeka waya wa sentimeta 75 wenye ganda la plastiki, nikautoa dirishani bila ncha yake kugusa bodi. Stesheni zikasikika vizuri. Basi, redio ilikuwa nzima.

Nikazima redio, nikachukua mita ya kupimia umeme. Kutoka pini ya kati ya plagi hadi kwenye fimbo, umeme ulipita, kama inavyotakiwa. Kutoka pini hiyo hadi ganda la nje la plagi haukupita, nayo ni sawa. Kutoka ganda la nje hadi bodi ya gari ungepaswa kupita, lakini haukupita. Ubovu ukajulikana.

Niliondoa waya wa hasi wa betri, nikashusha kitambaa cha dari polepole, nikafungua nati. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umepasuka. Mvua ikaingia na bati likaota kutu. Nilisugua kwa msasa pale tu panapokaa shina, mpaka bati likang'aa. Nikapaka grisi kidogo, nikaweka mpira mpya, nikakaza kwa kiasi. Gharama yote ilikuwa mpira mmoja na kipande cha msasa.

Tahadhari mbili. Antena fupi nyingi za siku hizi zina kikuza mawimbi kinachotumia umeme wa volti 12, na vipimo vyake si hivi. Tena, magari mengi yana mifuko ya hewa pembezoni mwa dari. Hayo mwachieni fundi aliyesomea.

Ndugu zangu, sisemi kwamba mafundi hawana kazi. Nasema fundi anayepima ni tofauti na anayekisia, na hali kadhalika ofisini: anayekisia hutumia fedha za wengine. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka kichwa na mikono visitengane shuleni.

Kwa hiyo napendekeza chama chetu kiinunulie maabara ya shule mita chache za umeme, na kitafute gari moja bovu la vijana kujifunzia. Mimi niko tayari kuanza mchango huo leo.