PUMZI ZA WATOTO WETU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wakaao kijiji cha Raila, Kibera)



Leo hatukuja kwa habari za mishahara, ingawa mtaona kwamba mshahara nao umo ndani ya shauri hili. Tumekuja kusema juu ya pumzi za watoto wetu.

Ugonjwa wa kichomi, ambao waganga wa hospitali huuita nimonia, ni adui mkubwa. Shirika la Afya Duniani lilihesabu ya kuwa katika mwaka wa 2019 uliua watoto zaidi ya 740,000 wasiotimiza miaka mitano. Hapa Raila sababu zake twaziona kwa macho: chumba kimoja cha mabati, watu wengi ndani, na jiko la makaa likiwaka pale pale alalapo mtoto. Moshi wa nyumbani humwongezea mtoto hatari ya kichomi karibu mara mbili. Basi tupikie nje au mlangoni kila iwezekanapo, na mvuta sigara atoke nje.

Mtoto akikohoa, tusibahatishe. Mfunueni kifua akiwa ametulia, mkahesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili, saa mkononi. Aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi miwili mpaka asiyetimiza mwaka, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja mpaka asiyetimiza miaka mitano, 40 au zaidi. Na kama nyama za chini ya mbavu zabonyea ndani avutapo hewa, au anaguna, au midomo imekuwa ya buluu, au hawezi kunyonya, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali usiku huo huo. Kule watampima kwa chombo kinachobanwa kidoleni, nao watampa oksijeni ikiwa imepungua mwilini. Dawa ya dukani ya kutuliza kikohozi haiponyi kichomi.

Mtoto mchanga ana hatari yake mwenyewe. Asiyelia baada ya kuzaliwa yapasa akaushwe, asisimuliwe, na kama bado havuti pumzi apulizwe hewa kwa mfuko na kikombe cha kufunika pua na mdomo, yote katika dakika ile ya kwanza. Kazi hiyo yataka mkunga aliyefundishwa. Kwa hiyo tusikubali wake zetu wajifungulie nyumbani. Aliyezaliwa kabla ya wakati, mapafu yake hayajakomaa. Afungwe kifuani mwa mamaye, ngozi kwa ngozi, kama waganga watakavyoelekeza.

Kinga nayo ipo. Tangu mwaka wa 2011 Kenya inatoa chanjo ya kichomi bure, mtoto akiwa na majuma 6, 10 na 14. Tena anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita.

Sasa twafika penye kazi yetu ya chama. Kibarua ajuaye kwamba akikosa siku moja hatalipwa, husema, "Nitampeleka jioni." Jioni huwa kesho, na kichomi hakingoji kesho. Si kwamba mzazi huyo hampendi mwanawe. Anapima homa ya mtoto na unga wa nyumba nzima.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mama miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba majuma mawili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka tajiri aweke mahali pa kunyonyeshea kazini. Hizo ni haki, wala si fadhila. Lakini likizo ya ugonjwa iliyoandikwa katika Sheria ya Ajira ni ya mfanyakazi mwenyewe anapougua. Mtoto akiugua, mzazi huachwa kwa huruma ya msimamizi.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali jambo moja: katika kila mapatano tutakayofanya na matajiri, iandikwe ruhusa ya kumwuguza mtoto, yenye malipo, kwa mama na kwa baba, na vibarua wasiachwe nje. Wajumbe wenu hawataweza kuyapata haya peke yao. Mkiyataka kwa sauti moja, tajiri atasikia.